Kidole cha Mzee Okemwa

"Baba yako alisema aibu. Nimesikia na masikio yangu."

"Hakusema aibu. Alisema ensoni."

"Na ensoni ni nini kama si aibu? Mimi nimekulia kwa kaunta, Alfayo. Kila mama akiingia dukani na mtoto amevua suruali mbele ya watu, anamwambia nini? Huyu hana ensoni. Kwa hivyo usinifundishe."

"Sikufundishi."

"Basi nipe funguo."

"Sikupi."

Funguo za pikapu zilikuwa kwa mfuko wangu na mkono wangu ulikuwa juu yake. Sejal alikuwa amesimama upande wa dereva, amekumbatia boksi yake ya barafu kama mtoto mchanga, viatu vimejaa matope ya mlima wa Manga mpaka juu. Alikuwa amepanda ile njia ya miguu kutoka kwetu bila kupumzika, mimi nyuma yake nikimwita jina, na majirani wamesimama katikati ya majani chai wakiangalia binti ya Haresh akifuatwa mbio na kijana wa Okemwa. Wacha waangalie. Mimi sijawahi kupenda kitu kwa kujificha.

Shida ni kwamba hasira ilimfanya awe mrembo zaidi. Yule akikasirika halii. Macho yake makubwa yanakauka, yanakuangalia moja kwa moja, mpaka unaanza kukumbuka makosa ambayo hata hujafanya. Nywele zilikuwa zimemtoka kwa kibanio na kushikana na jasho shingoni. Nilitaka kuzitoa hapo na kidole changu. Nikaona si wakati wake.

Baba yake anauza vitambaa Kisii mjini, na mimi ndiye dereva wake. Napeleka mabunda ya nguo Nyansiongo, Ekerenyo, kila soko lenye fundi wa cherehani. Shule niliacha Form Two. Si ati nilikuwa mjinga, kukaa chini ndiko kulikuwa kunaniuma. Sejal yeye alikaa. Alikaa mpaka chuo kikuu Nairobi, akamaliza digrii, akaanza nyingine, na hiyo ya pili ndiyo ilimrudisha huku kutafuta majani machungu na damu ya wagonjwa wa sukari. Haresh akaniita, akasema Alfayo anajua kila barabara, atakupeleka. Hapo ndipo Haresh alipoharibu mipango yake mwenyewe.

Nilimuuliza siku ya kwanza anatafuta nini hasa. Aliniambia kongosho ndiyo inatoa insulini, ile dawa ya mwili ya kushusha sukari. Pamoja na insulini inatoa protini nyingine ndogo, inaitwa amilini. Na protini ni kama kitambaa cha dukani kwao, alisema, lazima ikunjwe sawasawa ndiyo ifanye kazi. Kwa mtu mwenye sukari ya ukubwani, amilini inakunjika vibaya. Moja inashika nyingine, hizo mbili zinashika ya tatu, mwisho ni mabonge matupu, na chembe za kutoa insulini zinakufa hapo kando. Nikamuuliza kama hayo mabonge ndiyo yanaleta ugonjwa ama ugonjwa ndio unaleta mabonge. Akanigeukia, akaacha kuangalia barabara. Akasema watu wenye vyeo vikubwa bado wanabishana juu ya hilo.

Kazi yake ilikuwa kuweka maji ya majani kwenye tyubu pamoja na hiyo protini, aone kama mabonge yatakuja. Majani mengi hayakufanya kitu. Halafu kuna moja, kali, la hapa kwetu kwa mlima, mama zetu wanalichemsha tumbo likisumbua. Hilo liliyachelewesha mabonge. Alirudi kutoka Nairobi na hiyo habari, akaniambia kwa pikapu, akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi nikasema basi baba yangu abaki na hayo majani, atupe vidonge. Kicheko kikaisha hapo hapo. Akasema tyubu si mtu, na nikimwambia Mzee aache vidonge vyake hataongea na mimi tena.

Baba yangu, Mzee Okemwa, ana hiyo sukari. Na amekula hayo majani tangu utoto, kwa hivyo kwa kazi ya Sejal yeye ni mtu wa maana sana. Damu yake ilichukuliwa tena na tena, ikilinganishwa na yake ya mwanzo na ya wale wasiokula hayo majani. Ukikata hapo katikati, umekata kazi. Na baba hapendi sindano. Ameshawahi kumfukuza daktari. Lakini Sejal alipokuja mara ya kwanza, akakaa kwa stuli ndogo karibu na magoti yake na kumwambia polepole kila kitu anachofanya, mzee alitoa kidole mwenyewe. Akasema, "Mtoto ya Haresh, wewe ni mbu ya Nairobi." Tangu siku hiyo akisikia pikapu anaosha mikono.

Na sisi wawili? Ilikuwa Nyansiongo, mvua ya ile El Nino. Gari ilizama mpaka bodi. Sejal alivua viatu, akakunja suruali, akaingia kwa matope kusukuma. Gari ilipotoka ilimrushia tope uso mzima, na yeye akabaki pale akicheka, meno peke yake ndiyo yanaonekana. Nilimpangusa na shati yangu. Nikafika kwa kope za macho, nikaenda pole, na yeye akazifunga. Nikamwambia hapo hapo nampenda na nitamuoa. Akasema, "Unaongea kama mtu anaagiza chai." Lakini hakufungua macho mpaka nilipomaliza.

Sasa amepata nafasi Uingereza, kwenye maabara kubwa, anaenda Septemba. Na huko Uingereza kuna Nishant, mtoto wa rafiki ya Haresh, ameshaandaliwa kumuoa, kama meza. Mimi si mtu wa kungoja meza iondolewe. Kwa hivyo asubuhi hii, Sejal akiwa kwa stuli, kidole cha baba kiko mkononi mwake na ameshakipaka spiriti, nilisema. Nilisema kwa Kiswahili ili kila mtu asikie. "Baba, huyu ndiye nitamuoa. Na yeye anajua."

Mama yangu, Mong'ina, aliacha chai ikimwagika kwa sahani. Baba aliangalia mkono wake ndani ya mkono wa Sejal. Aliuvuta polepole. Akasimama, akasukuma kiti chake mpaka ukutani, akageuzia uso dirishani. Akasema neno moja, ensoni, halafu akatoka na mlango wa nyuma kwenda kwa ng'ombe. Sejal akabaki na pamba ya spiriti, na kidole hakuna.

"Umeninyang'anya," aliniambia sasa, pale kwa pikapu. Sauti haikuwa ya juu. Ingekuwa ya juu ningeijibu. "Wale wote niliozunguka kuwaomba, huyu mmoja ndiye alinipa mkono bila kuogopa. Alikuwa ananiita mtoto. Na wewe umemfanya aone haya kunigusa."

"Sejal."

"Baba yangu akisema wewe ni dereva, mimi nagombana naye. Nagombana mpaka hatuli pamoja. Na huku kwenu mimi ndiye aibu. Unajua inauma aje?"

Nilikuwa na jibu la hasira pia, maana hata mimi nilifikiria mzee amekataa, na nilikuwa tayari kurudi chini kumwambia nitatafuta mahali pengine pa kulala. Nilifungua mdomo. Yeye akainua mkono.

"Ngoja," akasema. Uso wake ulibadilika. Ni ule uso wa kuinama juu ya tyubu. "Amewahi kumfanyia mtu mwingine hivyo?"

"Kumfanyia aje?"

"Vile alifanya. Mkono, kiti, dirisha. Mimi nataka kujua kama ni mimi peke yangu."

Nilianza kusema hakuna. Halafu nikamwona Nyangate, kama amesimama mbele yangu.

"Yuko mmoja," nikasema. "Nyangate. Mke wa kaka yangu."

"Anamfanyia nini?"

Nikamweleza, na nikisema ndiyo nilikuwa naona. Nyangate ameolewa kwetu nikiwa bado napelekwa shule kwa kiboko, na sijawahi kuona baba akimsalimia kwa mkono. Wakikutana kwa njia, Nyangate anaingia kwa majani chai na kuangalia chini, na mzee anapita akiangalia mawingu kama mtu anayetafuta mvua. Hakai kwa kiti cha mzee hata kikiwa tupu. Mzee akitaka chumvi hamwombi, anauambia mlango kwamba mboga haina chumvi, na Nyangate analeta.

"Anamchukia?"

"Anampenda kutushinda sisi watoto wake. Nyangate alipolazwa, mzee alitembea mpaka hospitali. Akakaa kwa nyasi nje ya geti, mvua inamnyeshea, kwa sababu hawezi kuingia mahali mke wa mtoto wake amelala. Kila daktari akitoka, anamuuliza."

Sejal aliweka boksi chini. Aliiweka vizuri, kwa jiwe lililo sawa, kama mtu anayehitaji kufanya kitu na mikono yake.

"Kwa hivyo hiyo ensoni."

"Ni aibu. Hapo hukukosea. Lakini kuna ile ya mtoto wa dukani, na kuna ile ya mkwe. Hii ya mkwe ni heshima yenyewe. Mtoto ya Haresh anaweza kumshika mkono. Mke wa Alfayo hawezi."

Chini bondeni mtu alikuwa anapasua kuni, na ungeona shoka inashuka kwanza halafu ndiyo usikie.

"Hakunikataa," akasema.

"Alikukubali hata kabla hujasema ndiyo."

"Na mimi sijasema ndiyo."

"Najua."

Mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani aliniangalia bila vita. Ningeweza kumshika wakati huo na asingekataa, lakini kulikuwa na jambo na lilikuwa lazima nilitoe, hata kama ni la kunimaliza.

"Sikiliza," nikasema. "Nikishuka sasa hivi nimwambie mzee yalikuwa maneno ya kijana, nilikuwa nacheza, atakasirika na mimi, halafu atatoa kidole. Utapata damu yako na kazi yako haitakatika. Lakini nikisema hivyo nimesema. Siwezi kurudi kesho niseme tena nakuoa. Baba yangu hachezewi mara mbili na jambo kama hili, na mama hatanifungulia mdomo."

"Unaniambia nichague kati yako na kidole."

"Sikupanga iwe hivyo."

"Wewe huwa hupangi kitu."

"Mimi nimepanga kukuoa. Hayo mengine yatajipanga."

Karibu acheke, lakini alijizuia. Alizunguka pikapu, akasimama upande ule mwingine, akaweka viwiko kwa bodi na kuangalia milima ya huko Ekerenyo. Nilibaki upande wangu. Nilijua anafikiria nini, maana tulishazunguka pamoja kiasi cha kumjua. Hiyo kazi haikuwa ya cheti tu. Mama yake alikufa na hiyo sukari, miguu ikiwa imeshakatwa, na Sejal akiwa bado mtoto wa kusimama kwa stuli ndiyo afikie kaunta. Alishawahi kuniambia kila tyubu anayoangalia anaona miguu. Sasa ningemwambia nini? Kwamba mimi ni mzito kuliko hiyo? Najiamini, lakini si hivyo.

Alirudi. Akafungua boksi, akatoa kisindano, pamba na kile kimashine cha kupima sukari.

"Kama mimi siwezi kumshika," akasema, "nani anaweza?"

"Mimi. Mimi ni mtoto wake."

"Wewe unaogopa sindano. Siku ile Nyamira uliangalia ukuta nikimchoma yule mama."

"Naogopa sana."

"Basi jifunze."

Akanyoosha mkono wake wa kushoto, akauweka juu ya boneti, kiganja juu. Nilichelewa kuelewa. Halafu nikaelewa, nikafuta mikono kwa suruali.

"Shika," akasema.

Nikashika. Alinionyesha kwanza kusugua ili damu ije mbele, kutoka kwa kiganja kwenda kwa ncha. Nikasugua. Vidole vyake ni vyembamba, na kimoja kina alama ya makasi ya dukani. Alisema usichome katikati, kati ndiyo inauma, choma pembeni. Alisema usifanye polepole kama mtu mwenye huruma, huruma inaumiza mara mbili. Nywele zake zilikuwa karibu na kidevu changu na zilinuka mafuta ya nazi na spiriti.

"Usiangalie macho yangu, Alfayo. Angalia kidole."

"Naangalia."

"Huangalii."

Nikachoma. Hakutikisika. Tone likatoka, jeusi kidogo, la mviringo, nikaliweka kwa karatasi ndogo ya mashine kama alivyonionyesha. Halafu akanifundisha kukamua matone mengine yaingie kwa tyubu nyembamba, bila kufinya kwa nguvu. Mashine ile ni ya kungojewa. Tulingoja, kidole chake kiko ndani ya mkono wangu na pamba katikati, na mimi ambaye sijui kungoja niliomba ichelewe.

"Septemba nitaenda," akasema akiangalia mashine. "Nataka ujue. Siachi."

"Sijakuambia uache."

"Huku wewe utampima Mzee, na damu utapeleka kwa wenzangu Nairobi. Nikirudi nataka nikute haijakatika hata kidogo."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Hiyo ni kazi." Akainua macho. Yalikuwa yamelowa sasa, yale macho yasiyolia. "Na pia ni ndiyo. Kwa baba yangu nitaongea mimi. Ukiongea wewe utamwambia wakati anakata kitambaa, na kitambaa kitaharibika."

Nikamwambia nitakuwa nimesimama mlangoni, ili Haresh akitaka kurusha makasi anipate. Akaniegemea kifuani, mara moja, kipaji cha uso tu. Nikaweka midomo yangu kwa nywele zake. Majirani wa majani chai wakapata kile walichokuwa wanangojea.

Ndiyo akatokea mzee. Alikuwa anapanda njia na fimbo yake, kofia imevutwa mbele, anatembea kama mtu mwenye safari yake mwenyewe. Nilimwachia Sejal. Nilikuwa karibu kumnong'onezea la kufanya, lakini alikuwa ameshafanya. Alishuka barabarani, akaingia kwa nyasi nyuma ya pikapu, akavuta skafu aliyokuwa ameitupia mabegani ikafunika nywele mpaka karibu na macho, akageuka upande na kuangalia chini. Hakufundishwa na mtu wa kwetu. Baadaye aliniambia kwao pia ndivyo bibi zao walisimama mbele ya baba za waume zao, na yeye alikuwa akiona ni ujinga mtupu.

Baba akasimama. Hakuangalia huko. Aliangalia taa ya pikapu.

"Gari," akasema, "chai imepoa huko nyumbani. Na yule mwenye boksi ametoka bila kunywa."

Gari ikanyamaza. Mimi nikachukua kisindano.

"Baba, nipe kidole."

Akaniangalia mimi sasa, kutoka viatu mpaka nywele. "Nani amekufundisha?"

Nilijua Sejal anasikiliza nyuma ya pikapu, na nilijua nikijibu nimejibu.

"Mke wangu," nikasema.

Skafu ilitikisika. Sijui kama alicheka ama alilia. Baba alihamisha fimbo mkono mwingine, akapangusa kidole kwa koti, akanyoosha. Nikasugua, nikashika pembeni, nikachoma bila huruma. Alivuta hewa kwa meno.

"Unashika kidole kama unashika nyoka," akasema. Lakini hakukiondoa. Alingoja mpaka tyubu ikajaa, na mashine ikasema kile ilichosema, na mimi nikakisoma kwa sauti, kwa nguvu, ili kifike nyuma ya pikapu kinapohitajika. Akauliza gari kama hiyo ni mbaya. Kutoka kwa nyasi, sauti ndogo ikaiambia ardhi kwamba imepanda kidogo, si mbaya, asisahau tu kidonge cha jioni.

"Nimesikia," baba akaiambia taa.

Akafunga kidole kwa pamba, akavuta kofia, akageuka, na kushuka njia ya nyumbani bila kumwangalia Sejal hata mara moja.